Maji ya Tango

Kwanza chumvi. Hilo Manjulaben alilisisitiza
kuliko alivyosisitiza pindo la sare za shule
nilizomshonea barazani miaka kumi na minne,
mtaa wa nyuma ya soko kuu, hapa Moshi.
"Tango ni mwongo," alikuwa akisema,
"limejaa maji halafu linajiita chakula.
Lipe chumvi. Liache. Litasema lenyewe."

Basi nimelikwangua, nimelinyunyizia,
nimeliacha kwenye chujio.
Februari. Bati la jikoni linatatarika.
Mlima umejifunika tangu Jumanne,
na hata ungejifunua,
theluji yake haijawahi kunipoza shingo.

Saa saba anakuja Eliaringa.
Ameandika maneno mawili: Nakuja Jumapili.
Miaka mitatu hatujapeana hata pole,
tangu ang'oe masale aliyoyapanda baba
kunikatia kipande changu cha kihamba,
migomba kumi na minane na mparachichi mmoja.
"Mwanamke aliyerudi kwao hana mpaka,"
alisema, udongo ungali kwenye kucha zake.

Tango linadondosha.
Tone. Kisha kimya.
Kisha matatu kwa mpigo,
kama watu waliokuwa wakingojana nani aanze.

Bizari nyembamba naikaanga kavu.
Hapa ndipo nilipokuwa naharibu zamani:
naondoka kidogo tu, kumwona mtoto, kujibu simu,
nikirudi, makaa.
"Usiende popote," aliniambia.
"Bizari ni kama mgonjwa,
hali yake hubadilika umeinama kufunga kiatu."
Leo siendi popote. Inaanza kunukia;
naiepua kabla haijajijua.

Mtindi ni wa Mama Mkunde wa Kibosho,
ng'ombe mmoja, kibuyu kimoja kilichofukizwa,
una harufu ya mbali ya moshi
ambayo Manjulaben aliikunjia pua mwaka wa kwanza
na mwaka wa nne hakutaka mtindi mwingine.
Naupiga kwa uma, polepole.

Sasa kukamua.
Nilidhani tango limekwisha kutoa. Nalifumbata
kwa viganja viwili, linatoa. Nalifumbata tena,
bado linatoa.
Jamani, kitu huficha maji mangapi
na nje ngozi kavu kabisa!
Nayanywa, ya chumvi, nimesimama kwenye sinki.
Nyumbani hakuna mtu wa kuniona.

Mnanaa. Pilipili mbichi moja, si mbili:
kwenye pilau nimetia za kutosha
ukoo mzima kuungama.
Bakuli ni la Manjulaben, lina ufa usiovuja.
Alinipa siku aliyomfuata mwanawe ng'ambo.
Barazani pangu sasa wanauza vocha na chaja.

Kisha geti.
Kaka amenenepa, au amevimba, sijui.
Tunaulizana habari za mvua, ambayo haijanyesha.
Tonge la tatu, jasho linamtoka hadi kwenye kope,
anapepea mdomo kwa mkono,
naye ni mzee wa kanisa.
Namsogezea bakuli. Siongei.
Anachota. Ananyamaza.
Anachota.
"Hii nini?"
"Tango."
"Tango tu?"
"Na chumvi."
Anakomba bakuli kwa kidole
kama alipokuwa na miaka sita
na baba akijifanya haoni.

Ameshaondoka ndipo ninapokiona
kiroba alichokiegemeza ukutani, nje ya mlango:
miche ya masale, saba, nane,
mizizi imefungwa gazeti lililolowa.
Hakusema ni ya msamaha au ya mpaka.
Huko kwetu jani ni lilelile.

Nimeisimamisha ndani ya ndoo ya maji.
Nimeosha bakuli.
Ule ufa, nikiupitisha kidole,
umefika mbali kidogo kuliko nilivyodhani.